Daraja la Baraza, Lango la Bodi

Meza yangu iliwekwa kwenye kona ya ngazi. Ofisi za Bodi ya Shule zilikuwa chini, ofisi za Baraza la Jiji zilikuwa juu, na mimi, Mratibu wa Ushirikiano, niliajiriwa na pande zote mbili ili nizipatanishe. Baraza walisema siwezi kukaa juu, maana Bodi wangedhani nimenunuliwa. Bodi wakasema siwezi kukaa chini, maana Baraza wangedhani nimetekwa. Wakakubaliana kwa busara kubwa kwamba nikae mahali ambapo hakai mtu. Kila aliyepanda alinigonga kiti, na kila aliyeshuka aliuliza kama mimi ndiye ninayeuza vocha.

Nilifurahi sana. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya utawala, na niliamini kwamba watu wazima hawagombani kwa ubaya. Hugombana kwa sababu hawajapata mtu wa kuwaeleza mambo vizuri, kwa sauti ya upole.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kuipenda kazi ile, ambayo sikuiandika kwenye barua ya maombi. Sababu hiyo ilikuwa na umri wa miaka saba, ilikuwa binti wa dada yangu, na nyumbani tulimwita Bosi, kwa kuwa tangu ajue kusema hakuwahi kuomba kitu, aliagiza. Miguu yake haikumbeba. Yeye alikwenda kwa kiti cha magurudumu, na sisi wengine tulikwenda kwa amri zake.

Shule pekee iliyokuwa karibu nasi ilikuwa na ukuta mzuri, na mbele ya ukuta huo, kutoka kona hadi kona, ulipita mtaro mpana wa maji ya mvua. Barabara mpaka ukingo wa mtaro ilikuwa mali ya Baraza. Kuanzia ukuta kwenda ndani ilikuwa mali ya Bodi. Mtaro wenyewe ulikuwa mali ya Mungu. Watoto waliuvuka juu ya ubao mmoja uliolazwa mbele ya lango, mmoja mmoja, mikono wameitandaza kama vifaranga vinavyojaribu kuruka. Ubao ule ulikuwa ushahidi kwamba shule yetu haikukosa vifaa vya michezo.

Dada alipompeleka Bosi kuandikishwa, mwalimu mkuu aliutazama ubao, akakitazama kiti, akakuna kichwa. Alikuwa mtu mpole, anayeogopa barua ya ofisi kuliko simba.

"Mama, nafasi ipo, na mtoto anaonekana ana akili."

"Sana," Bosi akasema.

"Lakini atavukaje?"

"Nitambeba mgongoni," dada akasema. "Kiti nitarudi kukichukua."

"Siku ukiteleza, mkaanguka wote wawili, nani atajibu? Baraza watasema waulizeni Bodi. Bodi watasema waulizeni Baraza. Watakaponiuliza mimi, mama, nitasema nini?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo siku mkiniletea njia ya kupita kiti, namwandika siku hiyohiyo. Shule zikifunguliwa njia hakuna, tumsubiri mwakani."

Tayari tulikuwa tumemsubiri mwaka mmoja. Wenzake wa mtaani walikuwa wameanza kusoma vibao vya maduka kwa sauti, na Bosi, asiyependa kupitwa, alikuwa anavisoma kwa kubuni. Duka la dawa lililokuwa jirani yetu alilisoma "Hapa Hawakopeshi," na kwa bahati mbaya alikuwa amepatia.

Basi nikaanza kazi kwa njia niliyofundishwa, yaani warsha. Nilikodolea macho vyumba vyote vya jiji kutafuta ambacho hakina upande, nikachagua darasa la chekechea. Humo viti vyote vina kimo kimoja, nikasema moyoni, hakuna atakayemtazama mwenzake kutoka juu.

Upande wa Baraza aliongoza Mheshimiwa Diwani, msimamizi wa barabara na mitaro, mtu mnene mwenye sauti ya kufungulia mikutano hata anapoomba chumvi. Upande wa Bodi aliongoza Mama Mwenyekiti, mwalimu mstaafu ambaye ukizungumza naye unajikuta umesimama wima.

"Karibu ukae, Mheshimiwa," nikamwambia.

"Wapi?"

"Hapo, penye kiti cha njano."

"Hiki ni kiti au ni kiatu?"

"Kaa tu, Mheshimiwa," Mama Mwenyekiti akasema. "Kila mtu alianzia hapo."

"Mimi nilianzia hapo nikamaliza, mama. Wewe ndiye hujatoka shuleni mpaka leo."

"Ulimaliza? Mbona walimu wako wanasema ulihamishwa?"

Niliwapigia makofi wote wawili kwa kuvunja ukimya. Kisha nikasimama mbele yao, magoti yao yakiwa usawa wa masikio, nikawaeleza kwamba mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

"Ng'ombe yupi?" Diwani akauliza. "Wa Baraza au wa Bodi?"

"Ni methali, Mheshimiwa."

"Naijua. Nauliza nyama inakwenda wapi."

Hata hivyo sikukata tamaa. Nikawaonyesha picha ya mtaro, ubao, na Bosi akiwa ukingoni amekunja mikono kama askari wa zamu. Nikawaambia: wazazi wangu, ugonjwa wetu ni kusubiriana. Kila upande unangoja uombwe. Sasa tuweke kanuni moja. Kila upande upige hatua yake bila kungoja kuombwa na mwenzake, na bila kujisifu.

Diwani akamtazama Mama Mwenyekiti. Mama Mwenyekiti akamtazama Diwani. Niliona macho yao yakimeta, na kwa elimu yangu yote nikadhani ni upendo.

Wiki iliyofuata Diwani alisimama kwenye meza yangu, akachungulia ngazi juu na chini, akainama.

"Binti, usimwambie mtu. Daraja."

"Daraja, Mheshimiwa?"

"Zege tupu. Linakwenda mpaka mlangoni mwao. Siku shule zinafunguliwa, yule mama atakuta watu wamemfanyia kila kitu yeye amekaa. Nataka nimwone uso."

"Na kiti cha magurudumu?"

"Kiti? Hata gari la kubeba maiti litapita."

Siku mbili tatu baadaye Mama Mwenyekiti alipanda, akapangusa ukingo wa meza yangu kwa kidole, akakikagua kidole.

"Mwanangu, Bodi imeshughulikia suala la kuingia shuleni. Mwaka huu kila mtoto ataingia, pamoja na yule wako wa kiti."

Sikujua alijuaje kwamba ni wangu. Walimu hujua.

"Mama, nikwambie jambo? Baraza nao—"

"Usiniambie. Na wao usiwaambie. Tulikubaliana hakuna kujisifu, na kanuni ni yako. Au tulikuwa tunacheza?"

Nilikuwa nimetoa kanuni, ningeivunjaje? Aliposhuka nilikaribia kulia juu ya makaratasi. Huku daraja, huku lango. Chanda na pete. Nilianza kuandika ripoti ya mafanikio, na nikaiandika kwa bidii kiasi kwamba sikupata nafasi ya kwenda kuyaona mafanikio yenyewe.

Kilichotokea ni hiki, na nimekipata kwa mafundi waliokuwepo.

Mama Mwenyekiti aliwaza hivi: mtaro si wetu, hatuwezi kuugusa. Lakini kule kwenye kona ya ukuta lipo bamba kubwa la zege, waliloliweka wajenzi wa zamani juu ya mtaro ili wapitishe mawe, kisha wakalisahau. Pale gari lilipita, kiti kitashindwaje? Tulizibe lango la zamani kwa matofali, tutoboe lango jipya kule kwenye kona, mbele ya bamba. Akili safi kabisa.

Diwani naye aliwaza hivi: daraja ni lazima liwe mbele ya lango. Zege la kutosha hatuna. Lakini kule kwenye kona kuna bamba kubwa linaloelekea ukuta mtupu, halimfai mtu. Tuling'oe, tulilete hapa. Akili safi vilevile.

Ni kweli kwamba watu wa Baraza walipofika kujenga daraja walikuta fundi wa Bodi anamalizia kuziba lango. Lakini ramani ya Baraza ilionyesha lango mahali pale, na ramani ilikuwa na muhuri. Ukuta haukuwa na muhuri.

"Fundi," msimamizi wa Baraza alimwambia mwenzake, "huoni kwamba daraja langu linagonga ukuta wako?"

"Naona. Na wewe huoni kwamba umeng'oa bamba, lango langu linaangalia shimo?"

"Naona sana."

"Wakubwa zako umewaambia?"

"Mimi nimetumwa kujenga, sijatumwa kusema. Wako je?"

"Wangu ukiwaambia kitu, wanakuuliza umesomea wapi."

"Basi tuendelee, jua linapanda. Hebu niazime toroli."

Akamwazima toroli. Wakashirikiana pipa la maji, wakashirikiana kivuli, wakagawana hata ubao wa watoto, nusu ukawa wa kukorogea saruji na nusu ukawa kuni za chai. Tangu jiji lile lianze, sijasikia Baraza na Bodi wamefanya kazi pamoja kwa amani namna ile.

Jumapili, siku moja kabla ya shule kufunguliwa, dada alimpeleka Bosi kufanya mazoezi ya njia. Waliporudi nilikuwa napiga pasi gauni la kuvaa kwenye uzinduzi.

"Daraja lipo?" nikauliza.

"Lipo," dada akasema.

"Zuri?"

"Zuri mno. Lina hata kingo za kushikia. Mwanao amelipita mara tatu."

"Si nilikwambia! Nilikwambia dada, watu wakielezwa vizuri—"

"Mara tatu kwenda, mara tatu kurudi. Upande wa pili kuna ukuta."

Niliitoa pasi kwenye gauni. "Ukuta upi? Pale kuna lango."

"Lango liko kwenye kona. Jekundu, linang'aa. Ukilifungua unaingia mtaroni moja kwa moja, hupotei."

"Mama mdogo," Bosi akasema, akiniangalia kwa huruma ambayo sikuwa nimeizoea kwake, "waliojenga walikuwa wameangalia kweli?"

Nilikimbia. Diwani nilimkuta uani kwake, taulo shingoni, kinyozi anamnyoa naye anasoma hotuba kwa sauti.

"Mheshimiwa, daraja linagonga ukuta!"

"Daraja lina nyufa?"

"Hapana."

"Linatikisika?"

"Hapana, lakini—"

"Basi Baraza limemaliza kazi yake. Ukuta ni wa nani?"

"Wa Bodi."

"Nenda kwa wenye ukuta, binti. Geuza kichwa upande huu, kinyozi, nisikose ukurasa."

Mama Mwenyekiti alinipokea mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Lango langu linafunguka?"

"Linafunguka, mama."

"Bawaba zinalia?"

"Hazilii."

"Na shimo lililo mbele ya lango ni la nani?"

"Mama, kesho watoto wataingilia wapi?"

Nilimwona, kwa mara ya kwanza, kama mtu ambaye na yeye hajalala vizuri. "Andika," akasema hatimaye. "Lipelekwe kwenye kikao cha pamoja."

Kikao cha pamoja hakikuweza kuitishwa kabla ya kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, na hizo zilikuwa hazijathibitishwa kwa sababu Baraza walitaka iandikwe "Baraza na Bodi," na Bodi walitaka iandikwe "Bodi na Baraza." Niliwahi kupendekeza tuandike "wote." Walikubaliana palepale kwamba mimi bado mdogo.

Jumatatu asubuhi jiji liliamkia huko. Juu ya daraja Diwani alikuwa amefunga utepe wa bluu, ana kipaza sauti chake. Kwenye kona Mama Mwenyekiti alikuwa amefunga utepe wa kijani, ana kipaza sauti chake, naye alikuwa ng'ambo ya mtaro, sijui alivushwa na nani. Kati yao walisimama wanafunzi wote wa shule na wazazi wao, sare mpya, viatu vimepakwa rangi, hawana pa kuingilia. Walimu wachache walikuwa wameshaingia kwa ngazi ya fundi. Mwalimu mkuu alikuwa ndani, amepanda juu ya dawati nyuma ya ukuta uliozibwa, kichwa na mabega vikionekana, rejista mkononi.

"Wazazi, tulieni," alikuwa anasema. "Suala liko kwenye vikao."

"Vikao vinakaa ndani au nje?" mzazi mmoja akapaza sauti.

"Kama ni ndani, waliingilia wapi? Watuonyeshe!" mwingine akadakia.

Diwani alikuwa anasema kwamba maendeleo hayana kona. Mama Mwenyekiti alikuwa anasema kwamba elimu ni mlango. Vipaza sauti viligombana hewani, kikashinda kile cha Baraza, kwa kuwa kilikuwa kikubwa zaidi.

Bosi hakungoja hotuba iishe. Alisukuma magurudumu mwenyewe, akapita chini ya utepe wa bluu bila kuukata, maana kimo chake kiliruhusu, akaenda mpaka mwisho wa daraja, kiti kikagusa matofali. Akainua uso.

"Mwalimu, nimekuja."

Mwalimu mkuu akatazama chini. "Nakuona, mwanangu."

"Ulisema nikipata njia ya kiti utaniandika siku hiyohiyo. Kiti kimepita."

"Kimepita mpaka darajani."

"Hukusema mpaka wapi."

Mwalimu mkuu alimtazama Diwani. Akamtazama Mama Mwenyekiti. Kisha akafungua rejista juu ya ukuta na kuandika, taratibu, akiuliza jina la baba kwa sauti ya chini. Alipomaliza alibaki ameshika kalamu.

"Umeandikwa," akasema. "Sasa wewe ni mwanafunzi wa shule hii."

"Ahsante. Nifungulie."

Mwalimu mkuu alifunga rejista, akaufuta uso kwa kiganja. Dada yangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono kwenye vishikio, na niliona vidole vyake vimebadilika rangi. Alijua nilichokuwa najua. Jioni ile mtu angesema tumsubiri mwakani, kwa upole, na mwakani mtu mwingine angesema hivyohivyo, na mtoto angeendelea kusoma vibao vya maduka kwa kubuni.

Niligusa matofali. Yalikuwa na ubaridi wa saruji changa, na fundi wa Bodi, Mungu ambariki, alikuwa ameweka mchanga mwingi kuliko saruji. Mkataba wangu wa majaribio ulikuwa unakwisha mwezi ule. Mwajiri wangu mmoja alikuwa mkono wa kushoto, mwingine mkono wa kulia, wote wana vipaza sauti.

"Mwalimu," nikasema, "shuka kwenye dawati."

"Unasemaje?"

"Shuka, tafadhali. Ondoa na watu walio nyuma yako."

"Binti, ukuta huu ni mali ya—" Akaacha hapo. Kichwa chake kikatoweka. Tukasikia dawati likiburutwa, na sauti yake ikisema, "Rudini nyuma! Rudini, nasema! Wewe, acha kuchungulia!"

Dada akamvuta Bosi nyuma mpaka katikati ya daraja. Niliweka bega nikasukuma. Haukutikisika. Nikasukuma tena, nikaumia bega, nikajisikia mjinga mwenye shahada. Kisha bega jingine likaja kando ya langu, la mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, ambaye kwanza alimshusha mtoto akampa Diwani amshike. Akaja baba mwenye shati la kazini. Wakaja wengine. Mtu akahesabu kwa sauti, na safari ya pili ukuta ukalala ndani, kwa uvivu, kama mtu aliyechoka kusimama mahali pasipomhusu.

Vumbi lilipotulia, mwalimu mkuu alikuwa ng'ambo ya tundu, amekuwa mweupe mpaka kwenye nyusi. Aliyapiga teke matofali mawili yaliyobaki njiani, akasogea pembeni.

"Darasa la kwanza ni chumba cha pili kushoto," akasema.

Bosi akapita.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo Baraza na Bodi walijifunza. Na kwa kweli walijifunza. Kabla ya saa za chakula Diwani, akiwa bado na mtoto wa watu mkononi, alivuka daraja lake, akapita kwenye tundu, akaenda ndani ya ua wa shule mpaka alipokuwa Mama Mwenyekiti. Walisimama wakazungumza kwa sauti ya chini, vichwa vimekaribiana. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakizungumza bila mimi kuwaomba. Alasiri hiyohiyo nilipokea barua yao ya pamoja ya kunifukuza kazi. Ilikuwa na sahihi mbili na mihuri miwili, na ilisema nimevunja mali ya umma kwa makusudi. Hakuna aliyebisha jina la nani litangulie. Walikuwa wameandika "sisi."

Niliisoma barua ile mara kadhaa kwenye ile kona ya ngazi, na nitakuwa mwongo nikisema sikuona fahari kidogo. Bega liliuma, kodi ya nyumba ilikuwa inakuja, na nilikuwa nimetimiza wajibu wangu wa kazi kwa asilimia zote.

Kesho yake Baraza na Bodi walikuta mwalimu mkuu ameshalifagia lile tundu na kulisafisha kingo, na kwa kuwa kuliziba kungehitaji kikao, hawajaliziba.

Asubuhi hiyo, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nilimpeleka Bosi mwenyewe. Alikuwa na begi jipya kwenye mapaja na hakunisemesha njia nzima. Alikuwa anasoma kibao cha kila duka kimoyomoyo, midomo inacheza. Tulipofika katikati ya daraja akashika magurudumu.

"Mama mdogo, ishia hapa."

"Nikusukume mpaka darasani basi."

"Wazazi hawaingii. Mwalimu amesema." Akanitazama, akaona labda uso wangu ulivyo, akalegeza sauti kidogo. "Saa nane njoo unichukue. Usichelewe, nitakuwa na kazi ya nyumbani."

Akajisukuma peke yake, akainama kidogo kupita palipobaki na tofali lililojitokeza ubavuni kwa juu, ingawa halikumfikia, akakata kushoto.